Dawa mpya ya malaria hukwama wapi: bei, foleni na leja

Bidhaa mpya ya malaria, iwe dawa, kipimo, chanjo au chandarua, huchelewa kumfikia mtu hata ikishathibitishwa kuwa inafanya kazi. Chukua chandarua kimoja kama mfano. Interceptor G2 ya kampuni ya BASF ina viuatilifu viwili kwenye uzi mmoja: kile cha jamii ya piretroidi tulichokizoea na kingine kiitwacho klofenapiri. Kiliingia kwenye orodha ya WHO ya bidhaa zenye ithibati mwaka 2018. Pendekezo rasmi la WHO kwamba kitumike mahali ambapo mbu wameshakuwa sugu lilitoka Machi 2023. Katikati ya tarehe hizo kuna utafiti uliofanyika hapa hapa kwetu, Misungwi, mkoani Mwanza, na matokeo yake yakachapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2022: kwa miaka 2 ya ufuatiliaji, watoto waliolala ndani ya chandarua hicho waliugua malaria kwa asilimia 44 pungufu ya wenzao waliokuwa na chandarua cha piretroidi pekee.

Miaka 5, basi. Sehemu ya muda huo ni sayansi, na sayansi haina njia ya mkato. Huwezi kujua chandarua kinafanyaje kazi mwaka wa pili bila kusubiri mwaka wa pili ufike. Lakini sehemu nyingine ni soko ambalo watu wake hawaonani. Kiwanda hakijui nchi zitaagiza vipande vingapi, hivyo hakiongezi mitambo. Mpangaji wa mpango wa malaria hajui bei ya mwakani, hivyo haandiki chochote kwenye bajeti. Mfadhili haoni oda, naye anangoja. Kila mmoja amekaa anamsubiri mwenzake aanze, na wote wana sababu nzuri.

Mradi uliokuja kukata fundo hilo, New Nets Project, uligharamiwa na Unitaid na Global Fund, mifuko ya kimataifa ya fedha za afya, chini ya uongozi wa IVCC, taasisi inayotafuta njia mpya za kudhibiti mbu. Ulilipia tofauti ya bei kati ya chandarua kipya na cha zamani. Pembeni yake MedAccess, kampuni inayotoa dhamana za bidhaa za afya, na taasisi ya Gates waliweka dhamana ya kiasi: kiwanda kiliahidiwa kwamba idadi fulani itauzwa, na chenyewe kikaahidi kushusha bei. Ukiitazama dhamana hiyo kwa jicho la mfanyabiashara wa Kariakoo, kilichonunuliwa pale ni habari. Mtu alilipwa ili aache kubahatisha. Mwaka 2023 PermaNet Dual ya Vestergaard ikapata ithibati na kuingia kwenye soko hilo hilo, na mnunuzi kwa mara ya kwanza akawa na wa kulinganisha naye.

Ninachotaka kusema ni kwamba ubahatishaji mwingi wa namna hiyo unaweza kupunguzwa bila dhamana za mamilioni, kwa jedwali tu la bei, usajili na stoku, lililojazwa vizuri na kuwekwa wazi. Ugumu uko kwenye neno "vizuri".

Bei si namba moja

Ukiuliza bei ya chandarua utapewa jibu, na jibu hilo karibu halikusaidii kitu mpaka uulize maswali manne zaidi: bei ya wapi, ya ukubwa gani, ya oda kubwa kiasi gani, na ya lini.

"Ya wapi" ndilo linaloangusha wengi. Mzabuni mmoja anaandika bei ya mlangoni kwa kiwanda, EXW. Mwingine anaandika CIP Dar es Salaam, maana yake usafiri na bima hadi hapa ni juu yake. Wa tatu anaandika DAP hadi bohari. Zikiwekwa kwenye safu moja ya Excel bila herufi hizo tatu, mwenye EXW atashinda kila siku, na gharama zitakuja kuibuka baadaye kwenye fungu la mtu mwingine.

Tufanye hesabu ya mfano. Namba hizi ni za kuonyesha njia tu. Mzabuni A anadai dola 2.10, EXW, chandarua cha sentimita 180 kwa 160 kwa 150. Mzabuni B anadai dola 2.38, CIP Dar es Salaam, sentimita 190 kwa 180 kwa 150. Kwa macho A ni nafuu kwa senti 28. Sasa mpeleke A hadi mahali alipo B: senti 3 kutoka kiwandani hadi bandari ya huko, senti 17 za meli na bima, senti 2 za ukaguzi kabla ya kupakia ambao B ameshauweka ndani. Amefika dola 2.32. Tofauti imebaki senti 6. Halafu pima kitambaa: juu pamoja na pande nne, cha A kina mita za mraba 13.08, cha B kina 14.52. Kwa kila mita ya mraba, A anatoka senti 17.7 na B senti 16.4. Aliyeonekana ghali ndiye nafuu.

Je, mita ya mraba ndiyo kipimo sahihi? Si mara zote. Nyumba ya Mbagala yenye chumba kimoja na kitanda cha futi nne haifaidiki na ziada ya kitambaa. Ila kama watu watatu wanalala kitanda kimoja, ukubwa ndio unaoamua kama mguu wa mtoto utagusa chandarua usiku kucha ama la. Jedwali liweke vyote viwili, bei ya kipande na bei ya mita ya mraba, mtu achague akijua anachochagua. Na kama zipo takwimu za uimara, weka pia bei kwa mwaka wa matumizi. Chandarua hupangiwa miaka 3; kikichanika mwaka wa pili umelipa bei na nusu.

Kwenye kipimo cha haraka, mRDT, mtego uko ndani ya boksi. Boksi la kawaida lina vipimo 25, chupa ya maji ya kipimo, vijisindano, pamba zenye spiriti na vijibomba vya kuvutia damu. Kuna wanaouza bila vijisindano wala pamba, na bei yao inapendeza sana. Kuna wanaofunga kila kipimo na vifaa vyake peke yake, na bei yao inatisha kidogo. Kituo chenye chupa moja ya maji kwa vipimo 25 kinafika mahali chupa imekwisha na vipimo 4 vimebaki, kwa sababu mtu aliweka matone 6 badala ya yale yaliyoandikwa kwenye maelekezo. Baada ya hapo huja kishawishi cha kuazima maji ya toleo jingine, jambo lisilofaa kabisa: maji hayo yametengenezwa kwa ajili ya kipimo kile na si kingine, na majibu yakipotoka huna hata namna ya kujua. Kwa hiyo safu ya "vilivyomo" kwenye jedwali haipo kwa ajili ya urembo. Bei ya kipimo ni bei ya jibu moja sahihi, na vipimo 4 visivyo na maji ni hasara ya asilimia 16 ya boksi.

Dawa mseto ya atemeta na lumefantrini, ALu, ina kosa lake la kipekee: kulinganisha kwa kidonge. Kuna pakiti nne: vidonge 6 kwa mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15, vidonge 12 kwa kilo 15 hadi chini ya 25, vidonge 18 kwa kilo 25 hadi chini ya 35, na 24 kwa kilo 35 kwenda juu. Kidonge cha mtoto kinachoyeyuka kwenye maji kina gharama tofauti na kidonge kigumu. Linganisha dozi kamili kwa dozi kamili ya kundi lile lile la uzito, au usilinganishe kabisa.

Vilivyo wazi tayari

Watu wengi wanaolalamika kwamba bei ni siri hawajafungua milango iliyo wazi. Global Fund huchapisha bei za rejea za dawa za malaria, vipimo na vyandarua wanavyonunua kwa pamoja, na ina hifadhi ya taarifa za bei ambazo nchi zimelipa kweli. UNICEF ilianza kuweka hadharani bei za chanjo, kiwanda kwa kiwanda, mwaka 2011, na dunia haikuanguka. Orodha za ithibati za WHO ziko mtandaoni. Rejista ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ya dawa zilizosajiliwa Tanzania Bara inatafutika. Bohari ya Dawa, MSD, ina katalogi ya bei. Zabuni za serikali zinapita NeST, mfumo ulioanza mwaka 2023, na tuzo zake zinatangazwa humo.

Tatizo ni kwamba habari hizi haziongei lugha moja. Mmoja anaandika jina la biashara, mwingine jina la dawa lenyewe. Mmoja anahesabu kwa dozi, mwingine kwa boksi la dozi 30. Mmoja anatumia dola, mwingine shilingi ya mwezi usiojulikana. Kazi ya mwezi wa kwanza kwa yeyote anayetaka kujenga jedwali la wazi ni kuoanisha majina, na kazi hiyo inachosha kuliko anavyodhani mtu yeyote kabla hajaianza.

Namna ya kwenda nayo: mstari mmoja wa jedwali uwe bidhaa moja, ya kiwanda kimoja, kwa mtambo uliotajwa, kwa nguvu moja ya dawa, kwa pakiti moja. Usiweke "ALu" kama mstari. Weka ALu ya miligramu 20/120, vidonge 24, kiwanda fulani, mji fulani. Ithibati ya WHO hutolewa kwa bidhaa ya mahali maalumu pa kutengenezea. Kampuni moja inaweza kuwa na mtambo wenye ithibati na mwingine usio nayo, na boksi zake zikafanana kama mapacha. Kisha andika bei kama ilivyotajwa, bila kuigusa, pamoja na masharti ya kufikisha, sarafu, tarehe na ukubwa wa oda. Safu ya pembeni ndiyo ibebe bei uliyoibadilisha kuwa dozi moja hadi Dar es Salaam. Usifute ya kwanza. Atakayekuja kukukosoa, na atakuja, lazima aone ulipotoka.

Ukitafsiri kwenda shilingi, tumia kiwango cha Benki Kuu cha tarehe ya mkataba. Kiwango cha siku unayojaza jedwali kitakudanganya. Kati ya kusaini na kulipa inaweza kupita nusu mwaka, na bei iliyopanda kwa shilingi huenda haijapanda hata senti kwa dola.

Bei mbili za chanjo za malaria zinaonyesha faida ya uwazi huu kuliko maelezo yangu. RTS,S ya kampuni ya GSK ilipopendekezwa na WHO Oktoba 2021, bei yake kwenye zabuni ya UNICEF ya mwaka uliofuata ilikuwa yuro 9.30 kwa dozi, na mtoto anahitaji dozi 4. R21, ambayo Bagamoyo ilikuwa mojawapo ya vituo vya majaribio yake ya mwisho, ilipendekezwa Oktoba 2023 ikitajwa kuwa ya dola 2 hadi 4. Kila mtu aliziona namba zote mbili. Mwaka 2025 GSK na kampuni ya India, Bharat Biotech, wakatangaza kwamba RTS,S itashuka chini ya dola 5 ifikapo 2028, na Novemba ya mwaka huo huo Gavi, muungano wa kimataifa wa chanjo, na UNICEF wakatangaza makubaliano ya kuifikisha R21 kwenye dola 2.99. Sisemi uwazi peke yake ndio ulioshusha bei. Kiwanda cha Serum Institute, kinachotengeneza R21, ni kikubwa na hilo lina uzito wake. Lakini ni vigumu kuendelea kuuza kwa zaidi ya mara mbili ya bei ya jirani wakati mteja anaisoma bei ya jirani kwenye simu yake.

Foleni ya usajili

Hapa ndipo muda mwingi hupotea kimya kimya, na ndipo jedwali la wazi lingesaidia kwa gharama ndogo kuliko popote.

Mamlaka yetu si dhaifu. Mwaka 2018, ikiwa bado inaitwa TFDA, ilitambuliwa na WHO kuwa imefika ngazi ya tatu ya ukomavu, yaani mfumo wake wa udhibiti ni imara, ya kwanza Afrika. Na kwa bidhaa yenye ithibati ya WHO ipo njia ya ushirikiano: WHO inaipa mamlaka ya nchi ripoti zake za tathmini kwa siri, na mamlaka inalenga kutoa uamuzi ndani ya siku 90.

Siku 90 hizo lakini zina saa inayosimama. Mamlaka ikiuliza swali, saa inasimama mpaka kiwanda kijibu. Kiwanda kikichukua miezi 5 kutafuta cheti cha utulivu wa dawa kwenye joto la ukanda wetu, miezi hiyo haihesabiwi kwa mamlaka, ila mgonjwa wa Gongo la Mboto anaihesabu. Kuna pia suala la mwakilishi wa ndani: kampuni ya nje haisajili dawa hapa bila kuwa na mwakilishi Tanzania. Kampuni yenye dawa mpya inayotarajia kuuza kiasi kidogo mwaka wa kwanza haioni haraka ya kumtafuta. Nyingine haijawasilisha maombi kabisa, wakati wanunuzi wanadhani faili liko mezani na wanailaumu mamlaka kwa kitu ambacho hakijafika.

Kwa hiyo safu muhimu kuliko zote kwenye jedwali la usajili ni hii: *mpira uko kwa nani?* Ijibiwe kwa maneno manne tu. Haijawasilishwa. Iko mamlaka. Iko kiwandani kwa majibu. Imesajiliwa. Na tarehe ya kila hatua. Hakuna siri ya kibiashara inayovuja hapo. Haisemi kilichoulizwa wala kilichojibiwa. Inasema tu nani apigiwe simu. Ninavyoona, bidhaa ikionekana kwa miezi 6 ikiwa "kiwandani kwa majibu," mkuu wa kampuni atauliza ofisini kwake kabla hujamwandikia.

Vyandarua na dawa za kupulizia ukutani vina mlango mwingine kwa kuwa kinachoangaliwa zaidi ni kiuatilifu. Na Zanzibar ina mamlaka yake ya dawa na bohari yake. Huko kwa miaka mingi dawa ya kwanza ya malaria imekuwa mseto wa atesuneti na amodiakwini, wakati Bara ni ALu. Boti ni saa mbili tu kutoka Dar es Salaam, lakini ukijumlisha mahitaji ya pande zote mbili kwenye mstari mmoja umeharibu maoteo, yaani makadirio ya mahitaji, ya zote.

Leja inayosema uongo bila kukusudia

Bei na usajili vikiwa sawa, swali linabaki: tuagize ngapi? Jibu linaanzia kwenye leja ya zahanati, na leja hiyo ina ugonjwa wake.

Tuseme zahanati imeishiwa pakiti za vidonge 24. Wanakuja watu wazima 40 kwa mwezi. Mtoa dawa hawarudishi nyumbani, na amefanya vema. Anachukua pakiti 4 za vidonge 6 kwa kila mmoja. Zimetoka pakiti 160 za watoto. Mwisho wa kipindi fomu ya ripoti na maombi inaonyesha matumizi makubwa ya dawa za watoto na sifuri ya watu wazima. Mfumo unafanya hesabu yake kwa uaminifu: unaongeza za watoto, unapunguza za wakubwa. Shehena inayofuata inakuja imepinda vile vile, kosa linajirudia, na baada ya vipindi viwili kuna boksi za watoto zinazokaribia mwisho wa muda na mtu mzima bado anapewa pakiti nne nne. Ukijumlisha vituo vya mikoa mizima, maoteo yanayopelekwa kwa wafadhili yanaonyesha malaria ya watoto ambayo haipo.

Dawa yake ni rahisi kuieleza. Kwenye leja, pakiti iliyotumika badala ya nyingine iandikwe kwa alama, na idadi ya *wagonjwa* kwa kundi la uzito iandikwe pembeni. Siku za kukosa dawa zihesabiwe, kisha matumizi yarekebishwe: zidisha matumizi kwa siku za kipindi, gawanya kwa siku ambazo dawa ilikuwepo. Dozi 45 kwenye kipindi cha siku 60 chenye siku 15 za rafu tupu ni dozi 60. Kama rafu ilikuwa tupu kipindi kizima fomula haifanyi kazi, kwa hiyo tumia idadi ya mRDT zenye majibu chanya kwa umri. Idadi ya dozi zilizotolewa na ya majibu chanya zikipishana sana, kuna kitu: ama dawa zinatolewa bila kupima, ama zinatoka kwa mlango mwingine.

Tanzania imeshajionyesha yenyewe kwamba kuweka stoku wazi kunatosha kubadili mambo. Kati ya 2009 na 2010, jaribio la SMS for Life liliendeshwa kwenye vituo 129 vya wilaya za Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini na Ulanga. Kila wiki mhudumu alitumiwa ujumbe wa kawaida wa simu, akajibu kwa idadi ya pakiti alizonazo, na uongozi wa wilaya ukaziona. Wiki ya kwanza vituo asilimia 78 vilikuwa vimekosa angalau aina moja ya dawa ya malaria. Wiki ya 21 vilikuwa asilimia 26. Dawa nyingine zilikuwepo wilayani, zimekaa kituo kisicho sahihi, na sasa kulikuwa na mtu anayeona.

Huko juu kabisa ya mnyororo kuna shamba. Artemisinini, malighafi ya dawa mseto, inatoka kwenye majani ya pakanga, na toka kupanda mbegu hadi kidonge kifungwe hupita zaidi ya mwaka. Maoteo yalipokuwa ya kubahatisha, mwanzoni mwa zama za mseto, bei ya malighafi ilipita dola 1,000 kwa kilo mwaka 2005 hivi. Wakulima wakapanda kwa wingi, na kufikia 2007 ilikuwa imeporomoka hadi karibu dola 200. Wengi wakang'oa. Leja ya zahanati na bei ya pakanga zinaonekana mbali sana, ila ni kamba moja.

Ambacho kisiwekwe wazi, au kisiwekwe mapema

Wapo wanaodhani kila kitu kianikwe muda wote. Sikubaliani nao. Soko lenye wauzaji wawili au watatu, bei zikitangazwa wakati zabuni iko wazi, linawapa wauzaji nafasi ya kukubaliana bila hata kukutana. Bei ya rejea nayo huweza kugeuka sakafu: kila mmoja anaanzia hapo, hakuna anayeshuka. Na kampuni inayouza kwa bei ya chini nchi maskini itasita ikijua nchi tajiri itaiomba bei hiyo hiyo kesho yake. Ndiyo maana ninapendelea utaratibu huu: kiasi kinachohitajika na tarehe za zabuni vitangazwe mapema iwezekanavyo, hata miezi 18 kabla; bei zilizoshindaniwa zifungwe mpaka tuzo itoke; baada ya tuzo itangazwe bei ya mshindi pamoja na masharti yake, tarehe aliyoahidi kufikisha na tarehe aliyofikisha kweli.

Hiyo ya mwisho huwa inasahaulika. Mzabuni wa bei ya chini anayechelewa miezi 4 si wa bei ya chini. Ongeza gharama ya kontena kukaa bandarini, ongeza manunuzi ya dharura kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi anayeziba pengo la MSD, ongeza muda wa dawa uliopungua. Mseto wenye uhai wa miezi 24 ulioingia Dar ukiwa umebakiza miezi 14, ukitoa miezi ya kusambaza hadi Kigoma, ni bidhaa nyingine kabisa na ile iliyopo kwenye mkataba. Mkataba useme uhai uliobaki wakati wa kupokelewa, kwa miezi, na jedwali lioneshe uliofika kweli kwa kila toleo.

Kwa upande wa rejareja uwazi unahitaji kitu kidogo kuliko jedwali. Kwenye AMFm, mpango wa kimataifa wa ruzuku ya dawa za malaria ulioanza 2010 na Tanzania ikiwemo, boksi za mseto zilizopewa ruzuku zilikuwa na alama ya jani la kijani, na bei elekezi ikatangazwa redioni. Mteja wa duka la dawa muhimu hakuhitaji kujua Global Fund ni nini; alihitaji kuona jani na kujua bei inayotakiwa. Mteja huyo wa rejareja bado yupo. Dawa ya malaria kituo cha umma ni bure, lakini mwenye homa saa mbili usiku anaenda dukani.

Sasa kuna sababu mpya ya kuharakisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulithibitisha usugu usio kamili dhidi ya artemisinini mkoani Kagera, kwa vimelea vyenye mabadiliko yaitwayo R561H. ALu bado inaponya, ila kuitegemea peke yake ni kamari, na mazungumzo ya kutumia dawa mseto zaidi ya moja yameshaanza. Kuna dihidroatemisinini na piperakwini, ambayo wauza dawa wa Dar wanaijua siku nyingi, kuna Pyramax, mseto wa pironaridini na atesuneti, kuna dawa mpya ya ganaplacide pamoja na lumefantrini, iliyotoa matokeo ya majaribio ya hatua ya tatu Novemba 2025. Na kwa watoto wachanga wa kilo 2 hadi chini ya 5, ambao hawakuwa na dawa iliyopimwa kwa ajili yao, Coartem Baby ya Novartis iliidhinishwa Uswisi Julai 2025.

Mstari wa Coartem Baby kwenye jedwali hausubiri shehena. Unaweza kufunguliwa leo ukiwa na seli tatu zilizojazwa: jina, kundi la uzito, tarehe ya idhini ya Uswisi. Nyingine zote, yaani hali ya usajili hapa, bei hadi Dar, ukubwa mdogo kabisa wa oda, uhai kwa miezi na idadi ya watoto wa uzito huo wanaotibiwa kwa mwaka, ziachwe tupu, na kando ya kila seli tupu paandikwe cheo cha anayetakiwa kuijaza na tarehe aliyoulizwa.